Divai ya Mosel: Warumi Walipoacha Mashinikizo Yao

Mgeni anayefika Trier, magharibi mwa Ujerumani, huelekezwa kwanza Porta Nigra, lango la mawe meusi lililojengwa na Warumi katika karne ya 2. Hupiga picha, hunywa glasi moja ya divai, kisha hupanda treni akaenda zake. Hajafika penyewe. Divai yenyewe ilikamuliwa huko chini, mto Mosel unapojipinda kati ya vilima.

Mwaka 92 Kaisari Domitian aliamuru nusu ya mizabibu ya majimboni ing'olewe. Suetonius, mwandishi wa habari za makaisari, anasema amri hiyo haikufuatiliwa. Sifa ya kuwaruhusu Wagalia, wakazi wa sehemu hizi, kulima zabibu hupewa Kaisari Probus, aliyetawala kuanzia 276 hadi 282. Lakini biashara haikuwa imemngoja Probus. Mwaka 1878, katika kijiji cha Neumagen, wachimbaji walikuta mawe ya makaburi ambayo Warumi wenyewe waliyafukia kuwa msingi wa ngome. Jiwe moja, la mnamo mwaka 220, limechongwa jahazi lililosheheni mapipa, wapiga makasia wamejipanga, na nahodha mmoja anatabasamu waziwazi. Wataalamu wanaamini lilikuwa kaburi la mfanyabiashara wa divai. Jiwe la asili limo katika jumba la makumbusho la Trier. Neumagen wamebaki na nakala, pamoja na jahazi la mbao lililoundwa kwa mfano wake, ambalo hubeba watalii mtoni tangu 2007.

Ushahidi mzito zaidi uko Piesport, mwendo mfupi kutoka hapo. Katikati ya miaka ya 1980, mashamba yalipokuwa yakipangwa upya, yalifukuliwa mashinikizo ya karne ya 4: jengo lenye urefu wa mita 44 hivi, na ndani yake mabirika ya kukanyagia zabibu na ya kupokea maji yake. Mkulima wa kujinywea na jirani zake hajengi kitu cha ukubwa huo. Wakati ule Trier ilikuwa makao ya makaisari, na baraza la kifalme lenye jeshi lilikuwa na kiu kubwa.

Mshairi Ausonius alipita huko mnamo mwaka 371. Katika utenzi wake juu ya mto huu anawaeleza wakulima wakiwa juu ya vilima, huku mabaharia na wapita njia wakiwazomea waliochelewa kazini. Vilima ni vilevile. Katika kijiji cha Bremm mwinamo hufikia nyuzi 65, trekta halipandi, na watu bado huchuma kwa mkono juu ya mawe ya sleti yanayohifadhi joto la jua.

Usikubali, hata hivyo, kuambiwa kila kilichomo kwenye chupa ni cha Kirumi. Riesling, zabibu inayolipa bonde hili jina leo, ilishika hatamu baadaye sana, hasa baada ya askofu mkuu mtawala wa Trier kuamuru mwaka 1787 kwamba mizabibu duni ing'olewe na kupandwa iliyo bora.

Kwa hiyo msafiri mwenye siku moja tu aipitie Trier asubuhi, aone jiwe la jahazi, kisha ateremke Piesport. Akiweza, aende Oktoba: wenyeji hufanya sherehe, huvaa Kirumi na kukanyaga zabibu kwa miguu, na shinikizo la gogo lililojengwa upya hufanya kazi mbele ya macho yake.