Ushahidi wa Damu

Kaswende, ambayo wazee wa pwani waliiita pia sekeneko, ni maradhi yenye hila nyingi: huanza kwa kidonda kisichouma, nacho hupona chenyewe, kisha hufuata vipele vitowekavyo vivyo hivyo, hata mwanamume akamshukuru Mwenyezi Mungu kwa afya njema, ilhali vijidudu vimejificha mwilini mwake, na huenda vikakaa miaka 20 kabla ya kumdhuru moyo au ubongo. Ngozi imenyamaza, lakini mwili, ambao umekwisha kumtambua adui, huendelea kutengeneza kingamwili, na damu huzichukua.

Kijidudu chenyewe, chembamba, kilichojisokota mfano wa kizibuo, walikiona Fritz Schaudinn na Erich Hoffmann mjini Berlin mwaka 1905. Walakini kwa mtu asiye na kidonda kitatafutwa wapi? Jawabu lilipatikana mwaka uliofuata, pale August von Wassermann, pamoja na Albert Neisser na Carl Bruck, walipotangaza kipimo cha damu. Maji ya damu ya mtu yalichanganywa na dawa iliyotolewa katika ini la mtoto aliyezaliwa mfu kwa maradhi hayo (baadaye ulitumika moyo wa ng'ombe), kisha zikatiwa chembe za damu ya kondoo zilizotayarishwa zipate kupasuka. Kama hakuna kingamwili, chembe hupasuka, na kichupa kizima kikawa chekundu; kama zimo, nguvu ya kupasua chembe huwa imekwisha kutumika katika pambano la kwanza, la kingamwili na dawa ile, basi chembe hutuama chini, na maji juu yake yakabaki maangavu. Hata hivyo shahidi huyu aliweza kukosea: mwenye buba, maradhi yaliyoenea sana Afrika ya Mashariki, naye alionekana kama ana kaswende, maana vijidudu vyao ni ndugu.

Linaloniumiza ni namna elimu hiyo ilivyotumika. Mwaka 1932 Idara ya Afya ya Umma ya Marekani iliwakusanya wanaume weusi 600 wa wilaya ya Macon, Alabama, wengi wao wakulima mafukara, na 399 kati yao walikuwa na kaswende iliyokwisha kujificha. Waliambiwa wana "damu mbaya" tu, wakapewa chakula cha moto siku za kupimwa na ahadi ya gharama za maziko, ili maiti zao zipate kupasuliwa. Na penisilini ilipokuwa dawa mashuhuri ya maradhi hayo, walinyimwa makusudi. Dhuluma hiyo ilikoma mwaka 1972, baada ya magazeti kuifichua. Rais Bill Clinton alipowaomba radhi kwa niaba ya serikali, tarehe 16 Mei 1997, waliokuwa hai walikuwa wanane.