Jinja: Boti za Mpira na Mabwawa ya Nile

Tarehe 28 Julai 1862, Mwingereza John Hanning Speke alifika pale maji ya Ziwa Nyanza yanapotoka kuanza safari ya Nile, akayapa maporomoko yake jina la Ripon. Leo hayapo. Mwaka 1954 Malkia Elizabeth II alifungua bwawa la umeme la Owen Falls mjini Jinja, na Ripon yakatoweka pamoja na maporomoko ya Owen yenyewe. Waliokuja baadaye na boti za mpira walianzia mahali ambapo bwawa lile lilikuwa limeishia.

Biashara ya kushusha watalii mtoni ilianza Jinja mwaka 1996, kupitia kampuni ya Adrift. Mto waliouchagua ni adimu: mpana, wa maji ya uvuguvugu, wenye kina kirefu, na baada ya kila poromoko maji hutulia. Anayetupwa nje ya boti huibukia kwenye utulivu huo, ambako mwokoaji aliye kwenye kayaki anamngoja. Ndiyo maana hata mtu ambaye hajawahi kushika kasia huvushwa kwenye maporomoko ya daraja la 5, ambayo kwenye mito mingi ni ya wazoefu tu.

Abiria hawakai katikati ya boti. Hukaa juu ya kingo zake zilizojazwa upepo, mguu mmoja umebanwa ili wasiteleze, kofia ngumu kichwani na jaketi okozi limekazwa kifuani. Kiongozi hukaa nyuma, akiamuru: "Mbele! Kazeni!" Wimbi likishasimama mbele yao hubadilisha amri, "Chini!", na wote hujitupa sakafuni wakiwa wameng'ang'ania kamba. Maji yaliyoingia hutoka yenyewe kupitia matundu ya sakafuni.



Kitovu cha biashara hii yote kilikuwa maporomoko ya Bujagali. Vijana wa pale walijitosa kwenye maporomoko wakiwa wamekumbatia dumu la plastiki, watalii wakiwalipa kutazama. Kwa Wasoga, wenyeji wa huko, palikuwa pahali patakatifu, makao ya roho ya Bujagali, na matambiko yalifanywa kabla maji ya bwawa jipya hayajapanda. Uganda ilihitaji umeme kweli; katikati ya miaka ya 2000 mgawo wake uliwatesa wenye viwanda na vinyozi vilevile. Bwawa la Bujagali, la megawati 250, lililofunika maporomoko hayo, lilizinduliwa mwaka 2012. Hata hivyo, hasara ile haipaswi kuhesabiwa kama ya watalii peke yao, kwa sababu waongozaji, wapishi na wenye bodaboda walikuwa wakiishi kwa mto huo huo.

Kampuni zikahamia sehemu ya mto iliyo chini ya bwawa. Mwaka 2019 likazinduliwa bwawa jingine, Isimba, la megawati 183, na ziwa lake likafunika wimbi la Nile Special, lililokuwa likiwavuta wanakayaki kutoka kila bara.

Yamebaki maporomoko ya Itanda na Kalagala, ambayo Serikali ya Uganda iliahidi Benki ya Dunia mwaka 2007 kuyahifadhi kama fidia ya Bujagali. Pale Itanda, penye mporomoko mkali zaidi, boti za watalii hutolewa majini, hubebwa ukingoni hadi kupita sehemu ya hatari, kisha hurudishwa mtoni.