Nyasi za Jumapili

Picha yenyewe ni ndogo, na imeanza kugeuka rangi ya chai. Baba amevaa suti ya kijivu, ile ambayo tuliiona kanisani na kwenye bustani ya Uhuru Park tu. Mama ameketi kwenye nyasi, miguu ameikunja upande mmoja na leso imefunika magoti. Pembeni yake ipo chupa ya chai yenye maua mekundu. Mimi na kaka yangu tumesimama nyuma, na nyuma yetu kuna maji, na juu ya maji mashua yenye watu wawili wasiotuhusu. Ilikuwa Krismasi ya 1983, iliyoangukia Jumapili.

Tuliishi Muthurwa, Nairobi, kwenye nyumba za reli. Baba alikuwa fundi wa karakana. Yeye alitoka Voi, Mama alitoka Machakos, kwa hiyo lugha ya nyumbani ikawa Kiswahili. Nyumba ilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Anayeelewa maisha ya chumba kimoja ataelewa kwa nini Jumapili baada ya ibada hatukurudi nyumbani. Tulishika Haile Selassie Avenue kwa miguu, tukavuka Uhuru Highway tukiwa tumeshikana mikono, na tulipokanyaga nyasi upande wa pili Baba alilegeza tai. Hiyo ndiyo ilikuwa ishara. Mama alifungua chapati zilizofungwa kwa gazeti, akatugawia mayai ya kuchemsha na njugu. Mashua tulipanda mara moja kwa mwaka. Siku nyingine tulikaa ukingoni tukiwatazama wengine wakipiga makasia na kugongana. Kisha Baba alivua viatu, akaviweka chini ya kichwa, akalala usingizi mzito kabisa.

Nimekuwa nikiufikiria usingizi ule kwa miaka mingi.

Babu, aliyemzaa Baba, alifika Nairobi kabla ya Vita vya Pili vya Dunia kutafuta kazi. Enzi zake Mwafrika alitembea na kipande, karatasi ya kitambulisho iliyotiwa ndani ya kikopo cha bati na kuning'inizwa shingoni. Mji ulikuwa umepangwa tangu reli ilipofika mwaka 1899: mlimani kwenye hewa nzuri wakakaa wakubwa Wazungu, na vibarua wakawekwa bondeni, mashariki, kwenye nyumba kama zile za kwetu. Mwafrika alikuwa mjini kwa sababu ana kazi. Asipokuwa na kazi aliulizwa anafanya nini hapa. Babu alituambia kwamba katika miaka yake yote ya Nairobi hakuwahi kuketi chini mahali pa wazi bila kwanza kutazama kama kuna askari.

Tarehe 23 Mei 1969, miaka mitano na miezi kadhaa baada ya uhuru, Rais Jomo Kenyatta alifungua bustani hii chini ya mlima ule ule. Ni hekta 12.9 hivi, kama ekari 32, kati ya ofisi za katikati ya jiji na miteremko ya Upper Hill. Jina halikuhitaji maelezo. Mtoto wa mtu aliyevaa kipande shingoni aliweza kujilaza pale akiwa na suti, mchana kweupe, na hakuna aliyemuuliza ana kazi gani. Historia ya Uhuru Park huandikwa kama historia ya mikutano na maandamano. Mimi naona iliyotangulia ni mapumziko. Siasa ilikuja pale kwa sababu watu walikuwa wamekwisha kupazoea kama kwao.

Siku za kazi bustani ilikuwa na watu wake wengine. Saa saba mchana makarani na vibarua walijaa kivulini, gazeti juu ya uso. Watu wa Nairobi wana jina la chakula cha mtu asiye na pesa ya mchana: burga ya hewa. Baba aliwahi kuila, na hakuona aibu kutusimulia. Mtu huyo hakuwa na mahali pengine pa kuketi jijini bila kuagiza soda. Wahubiri walimwombea, wapiga picha walimpita kwa heshima, na saa nane alijikung'uta nyasi akarudi kazini.

Sasa fikiria mwaka 1989, habari zilipoenea kwamba kwenye nyasi hizo litajengwa jengo la ghorofa 60. Jumba la mikutano la KICC, fahari ya jiji, lina ghorofa 28. Jengo jipya lingekuwa refu kuliko yote barani Afrika, makao ya chama tawala cha KANU na ya gazeti lake la Kenya Times, na mbele yake sanamu ya rais. Chama kilikuwa kimoja tu nchini, na watu wazima niliowajua walinong'ona. Profesa Wangari Maathai wa Green Belt Movement, shirika la kupanda miti, hakunong'ona. Aliandika barua, moja baada ya nyingine, kwa gazeti lenyewe, kwa ofisi za serikali, hata kwa balozi wa Uingereza, akimuuliza kama Waingereza wangekubali jengo kama hilo ndani ya Hyde Park, London. Wabunge walimshambulia Bungeni, wakamtaja kwa ndoa yake iliyovunjika. Rais Moi alisema mwanamke wa Kiafrika anapaswa kuwaheshimu wanaume na kunyamaza. Kesi yake mahakamani ilitupwa, na shirika lake likafukuzwa kwenye ofisi lililokuwa nazo.

Nilikuwa na miaka 14. Nakumbuka tukishuka na chapati zetu na kukuta sehemu ya bustani imezungushiwa ua. Baba alisimama mbele yake kwa muda, kisha akatupeleka upande mwingine, na siku hiyo hakulala. Waliotegemewa kutoa fedha walijiondoa mwanzoni mwa 1990, na mwaka 1992 ua ukaondolewa. Mama alisema mama huyu wa miti ametupigania sebule yetu. Sijasoma maelezo ya jambo lile yanayopita hayo.

Ua ulipoondoka, wakaja kina mama wengine. Ijumaa, tarehe 28 Februari 1992, mama za wafungwa wa kisiasa waliketi kwenye kona ya bustani wakaanza kugoma kula, wakidai wana wao waachiliwe. Monica Wamwere, mama yake mfungwa Koigi wa Wamwere, alikuwa miongoni mwao, na Maathai aliketi nao. Waliketi kama sisi tulivyoketi, kwenye nyasi, na blanketi. Jumanne, tarehe 3 Machi, polisi waliwavamia kwa virungu na gesi ya kutoa machozi. Maathai alipigwa hadi akazirai. Baadhi ya mama walivua nguo mbele ya polisi, na kila aliyelelewa na mama wa Kiafrika anajua uzito wa laana hiyo. Kona ile inaitwa Freedom Corner mpaka leo. Walihamia kanisa la All Saints, hatua chache kutoka hapo, wakakaa humo karibu mwaka mzima, hadi karibu wafungwa wote walipoachiliwa.

Mama hakuwa mwanasiasa. Wiki kadhaa baada ya uvamizi alichemsha uji, akautia kwenye ile chupa yenye maua mekundu, akavaa nguo za kanisani, akaenda All Saints peke yake. Aliporudi chupa ilikuwa tupu. Alisema tu kwamba mmoja wao ni mtu wa rika lake.

Mengine yanajulikana. Kibaki aliapishwa kuwa rais Uhuru Park tarehe 30 Desemba 2002, na Katiba mpya ikazinduliwa hapo tarehe 27 Agosti 2010. Siku hizo mbili nilikuwepo. Ila siku niliyoibeba zaidi ni tarehe 8 Oktoba 2011, Maathai alipoagwa pale kwa mazishi ya kitaifa. Jeneza lake lilitengenezwa kwa magugu-maji, mianzi na mafunjo, kwa kuwa hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake.

Mwaka 2021 bustani ilifungwa kwa ukarabati, na miezi ikageuka miaka. Baba alikuwa amekwisha kufariki. Mama alikuwa akiniuliza kila nikimtembelea, "Wamefungua?" Walipofungua hatimaye, nilimpeleka siku ya kazi. Vijia vilikuwa vipya, na wapiga picha sasa wanakutolea picha papo hapo. Alizunguka kidogo akiegemea fimbo, akakataa benchi niliyomwonyesha, akaniambia nitandike leso chini. Saa saba ilipofika watu wa ofisini wakaanza kujaa kivulini. Mama akavua viatu, akaviweka chini ya kichwa. Nilikaa kando yake nikiwafukuza nzi, na sikumwamsha mpaka jua lilipotufikia.