Pikipiki Mpya, Sura ya Zamani

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, nanyi wanafunzi mlio madarasani leo, historia haikai katika majumba ya makumbusho peke yake. Imeegeshwa pia kwenye vijiwe vya Mbulu mjini, Dongobesh, Haydom, Basotu na Katesh, ikingoja abiria. Tazameni pikipiki iliyotoka dukani juzi: mara nyingi ina taa ya mviringo, kiti kirefu kilicholala na injini iliyo wazi machoni pa watu. Sura hiyo ni ya Kijapani, na umri wake umepita nusu karne. Kwa nini basi kitu kipya kivae sura ya zamani, na kwa nini kipendwe?

Mwaka 1969 kampuni ya Honda ilitoa CB750, yenye silinda nne na breki ya diski mbele. Mwaka 1972 Kawasaki wakajibu kwa Z1, yenye injini ya cc 903. Hizo ziliweka kielelezo cha pikipiki ya kawaida: dereva hukaa wima, na hakuna ganda la plastiki la kuficha mashine. Miaka mingi baadaye viwanda vile vile viliirudia sura hiyo. Honda walitoa CB1100 mwaka 2010, na Kawasaki wakaonyesha Z900RS mwaka 2017. Huko Ulaya, Marekani na Japani, wengi huvutwa na kumbukumbu ya ujana. Lakini ukale wake ni wa nje tu. Ndani mna kompyuta inayopima mafuta, na breki zinazozuia gurudumu lisikwame.

Yetu ilipita njia nyingine. Mwaka 1976 Honda walitoa CG125, iliyokusudiwa nchi ambazo barabara ni mbaya, mizigo ni mizito na matengenezo ni ya shida. Jambo la kustaajabisha ni kwamba wahandisi walirudi nyuma kwa makusudi. Waliacha mnyororo wa ndani unaozungusha shafti ya juu, wakatumia vijiti vya kusukuma valvu, utaratibu wa zamani zaidi lakini mvumilivu. Viwanda vya China viliiga injini hiyo kwa wingi. India nayo ilijifunza kwa Wajapani: Bajaj ilishirikiana na Kawasaki, na TVS ikashirikiana na Suzuki.

Sisi tuliosoma miaka ya 1990 tunakumbuka kwamba pikipiki ilikuwa ya bwana shamba, ya padre au ya mganga. Zilipofika Toyo, SanLG, T-Better na Boxer, mtoto wa mkulima naye akapanda. Kanuni za mwaka 2010 zikaitambua bodaboda kuwa chombo halali cha kubeba abiria kwa leseni. Leo gunia la vitunguu saumu, mama mjamzito na barua ya ofisi hupita njia moja, hata masika udongo mwekundu unapogeuka utelezi.

Hapo ndipo ilipo tofauti. Tajiri wa ng'ambo hununua sura ya kale ili akumbuke. Kijana wa Hanang' huinunua ili ale. Kiti kirefu hubeba abiria na mzigo, na injini iliyo wazi hufikiwa na spana ya fundi aliye chini ya mti. Ya kale hayanuki, walisema wazee, na hapa wamesema kweli.

Hata hivyo, tusisifu upande mmoja. Nyingi za pikipiki hizi bado zina breki za ngoma, zisizo na kinga ya kuzuia gurudumu kukwama. Anayepakia mishikaki na kuteremka Magara bila kofia ngumu anaidai mashine kazi ambayo haikuumbiwa. Wapo pia vijana walioacha shule kwa ajili ya fedha ya kila siku. Siwalaumu, maana fedha ile imejenga nyumba na kusomesha wadogo zao. Lakini anayeendesha bila kujua mashine yake hubaki mtumwa wa bei ya vipuri, navyo vingi hutoka China na India.

Hili ndilo ninalotaka wanafunzi walichukue. Injini ya mwaka 1976 si siri tena. Kila fundi wa Katesh huifungua na kuifunga, na kanuni zake zimo katika vitabu vyenu vya fizikia. China ilianza kwa kuiga kitu kilekile, India kwa kujifunza kwa Wajapani, zikafika mbali. Sisi tunacho mikononi kila siku, nasi bado ni wanunuzi. Fundi wa chini ya mti na mwanafunzi wa maabara wakikaa pamoja, sura hii ya zamani yaweza kutuzalia jambo jipya. Wasipokutana, tutaendelea kulipia maarifa ambayo tayari yamelala wazi mbele ya macho yetu.