Kufunda na Kufundisha: Clark Terry na Maarifa ya Jazi

Kiswahili kina vitenzi viwili vilivyo karibu sana ambavyo havifai kuchanganywa: kufundisha na kufunda. Anayefundisha humpa mtu maarifa. Anayefunda humwandaa mtu kuishi na maarifa hayo. Humkanya, humtia moyo, na akianguka, fedheha humgusa naye. Makala haya yanatumia tofauti hiyo kuyasoma maisha ya Clark Terry (1920–2015), mpulizaji tarumbeta wa Marekani. Hoja yangu ni kwamba kufunda vijana hakukuwa kazi aliyoifanya uzeeni baada ya kushiba sifa za jukwaani. Kulikuwa uti wa mgongo wa usanii wake tangu ujanani, na anayempima bila kulizingatia hilo anampunja.

Terry alizaliwa St. Louis, Missouri, katika familia maskini. Bado mtoto, aliisikia bendi ya Duke Ellington, akatamani tarumbeta ambalo kwao hapakuwa na fedha ya kulinunua. Akajiundia lake: mpira wa kumwagilia bustani aliuzungusha na kuufunga, faneli ya mafuta ya taa akaipachika mwishoni, kipande cha bomba kikawa mahali pa kupulizia. Majirani waliomsikia akihangaika nalo walichangishana wakamnunulia tarumbeta la kweli kwenye duka la rehani, kwa dola 12.50. Tangu mwanzo, basi, muziki wake ulikuwa na deni kwa watu.

Lakini kulikuwa na somo la pili, chungu. Akiwa kijana alimwendea mpulizaji mkongwe wa mji huo na kumuuliza namna ya kuziboresha sauti zake za chini. Mzee akamwambia akakae wima mbele ya kioo, apulize huku akitikisa sikio la kushoto. Kijana akaenda kujaribu. Baadaye ndipo alipotambua kwamba alikuwa amepotoshwa makusudi. Tusiharakishe kumlaani mzee yule. Ubaguzi wa rangi uliwafungia wanamuziki Weusi milango mingi. Aliyemfunua mwenzake siri ya kazi aliona anamkabidhi sahani yake ya chakula. Terry alilielewa hilo, akachagua njia nyingine: akijua kitu, hatamficha kijana anayeuliza.

Mfano wa mapema ni mpulizaji tarumbeta Miles Davis. Mwalimu wake wa shule, Elwood Buchanan, alikuwa rafiki ya Terry, naye ndiye aliyemsifia mwanafunzi huyo kwa Terry. Davis alimkiri Terry kuwa miongoni mwa watu waliomjenga. Mfano wa pili ni Quincy Jones, kijana wa shule mjini Seattle, aliyemwomba Terry masomo wakati Terry akipiga na bendi ya Count Basie. Terry alimaliza kazi usiku wa manane na Jones alitakiwa darasani asubuhi. Wakakubaliana wakutane alfajiri, kabla ya kengele ya shule. Terry hakuwa mzee wala mstaafu wakati huo. Alikuwa bado hajatimiza miaka 30, na mwenyewe bado ni mwanafunzi: alikuwa akisema kwamba bendi ya Basie, aliyokuwamo tangu 1948 hadi 1951, ilikuwa shule ya maandalizi, na ya Ellington, aliyoitumikia hadi 1959, ndiyo chuo kikuu.

Msomaji makini anaweza kupinga: Davis aliigeuza jazi mara kadhaa, ilhali Terry hakuasisi mkondo mpya, je, malezi hayakumla muda wa ubunifu? Pingamizi hili lina uzito, ila linajengwa juu ya kipimo kimoja tu cha ukuu, yaani kuvunja ya jana. Pia linapuuza ubunifu wake mwenyewe. Terry ni miongoni mwa waliolipa heshima flugelihoni, ndugu wa tarumbeta mwenye sauti nene na laini, hadi likakubalika kama chombo cha kuongoza wimbo. Mwaka 1960 alikuwa miongoni mwa wanamuziki Weusi wa kwanza kuajiriwa katika okestra ya kudumu ya shirika la utangazaji la NBC.

Kuna jibu la ndani zaidi. Nota huonyesha kimo na urefu wa sauti. Hazionyeshi kikamilifu jinsi ulimi unavyoigusa pumzi, na humo ndimo mdundo wa jazi unamoishi. Terry aliyageuza mapigo ya ulimi kuwa silabi, akamtamkia mwanafunzi, mwanafunzi akazirudia kwa mdomo kabla ya kushika chombo. Maarifa ya namna hii hayana kitabu kinachoyatosha. Mwenye nayo akifa bila kuyatoa, yanazikwa naye. Ndiyo maana hatua tatu alizosisitiza, yaani kuiga, kumeza na kubuni, haziwezekani bila mtu wa kuigwa aliye tayari kusikilizwa kwa karibu.

Filamu ya *Keep On Keepin' On* ya 2014, iliyoongozwa na mwanafunzi wake Alan Hicks, inatuonyesha hali hiyo. Terry yu kitandani nyumbani kwake Arkansas. Kisukari kimedhoofisha macho yake na kusababisha miguu yake kukatwa. Kando yake yupo Justin Kauflin, mpiga piano kijana asiyeona. Mzee anaimba silabi kwa sauti iliyochoka, kijana anazijibu, mzee anarudia hadi zikae sawa, na usiku unakwenda. Hamfundishi tarumbeta, Kauflin si mpulizaji. Anamfunda kusikia, na kutoikimbia hofu yake.

Hata hivyo, ushahidi ninaouthamini kuliko wote ni wa mwaka 1959. Terry aliiacha bendi ya Ellington, kilele ambacho wapulizaji wengi wangekifia, akaenda Ulaya kujiunga na okestra ya onyesho la *Free and Easy*. Kiongozi wa okestra hiyo alikuwa Quincy Jones, kijana wa alfajiri za Seattle. Mwenye kuficha siri ya kazi huogopa siku ambayo mwanafunzi atamwongoza. Terry alifunga safari, akaketi kwenye kiti cha mpulizaji, na kungoja ishara ya mkono wa mwali wake.