Jina kubwa, mfuko mtupu? Mambo 7 kuhusu kazi ya uigizaji kwa kijana wa Musoma, Bunda na Butiama

Siku hizi mtu hahitaji kamera kubwa ili aonekane. Simu moja, wenzako watatu na mwanga wa jioni kando ya ziwa, mna kipande cha kichekesho cha kurusha mtandaoni. Ndiyo maana vijana wengi wa Mara wanajiita waigizaji kabla hata hawajakanyaga jukwaa.

Hilo siyo baya. Ila kati ya kuonekana na kuishi kwa kazi hii kuna safari ndefu. Haya hapa mambo saba ya kujua.

1. Butiama ina sehemu yake kwenye historia ya tamthilia

Wengi wanamjua Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama aliyeanzia masomo Shule ya Mwisenge mjini Musoma, kama Rais. Wachache wanakumbuka kuwa aliipa Tanzania tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili. Tafsiri yake ya Julius Caesar ilitoka mwaka 1963, akiwa tayari Ikulu, na mwaka 1969 ikatoka upya kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo wa 1969 ikatoka Mabepari wa Venisi.

Angalia hilo neno "mabepari". Angeweza kuandika "mfanyabiashara" yakaisha. Alichagua neno lenye uzito kwa watu wa wakati wake. Mwigizaji naye kazi yake ni hiyohiyo: kujua neno lipi lina uzito na kulitamka likafika.

Siyo yeye tu. Rashidi Kawawa, aliyekuwa Waziri Mkuu mwaka 1962, aliwahi kuigiza kwenye filamu ya Muhogo Mchungu miaka ya 1950. Kwa hiyo mzee akikwambia uigizaji ni kazi ya watu walioshindwa maisha, una la kumjibu kwa heshima.

2. Kuiga siyo kuigiza

Maneno haya ni ndugu, lakini kazi zake ni tofauti. Steven Mengele alijulikana kwa kuiga sauti ya Mwalimu mpaka watu wakamwita Steve Nyerere. Hicho ni kipaji, kinafungua mlango. Lakini sauti peke yake inachekesha dakika tano. Baada ya hapo mtazamaji anataka kujua: huyu mtu anataka nini, anaogopa nini, anamficha nani siri?

Kuiga ni kufuata umbo la nje. Kuigiza ni kujibu maswali hayo kabla hujafungua mdomo. Ukipewa nafasi ya mvuvi, usikimbilie kuvaa shati lililochanika. Jiulize kwanza jana alipata samaki au alirudi mtumbwi mtupu. Jibu hilo litabadilisha hata unavyokaa.

3. Lafudhi yako siyo aibu, ila isikufungie chumba kimoja

Kwenye vichekesho vya Tanzania Mkurya ana nafasi yake ya siku zote: askari au mlinzi, sauti nzito, hasira karibu, na neno "mura" kila sentensi. Watu wanacheka. Mwigizaji kutoka Mara anaweza kuitwa kazini kwa sababu hiyo tu, na pesa akapata.

Tatizo linakuja pale anapotaka kucheza baba mpole, daktari au mpenzi aliyeachwa. Anaambiwa haendani. Na nyumbani nako, Mara ina Wazanaki, Wajita, Waikizu, Wakurya, Wajaluo na wengine wengi. Kuwaweka wote kwenye kofia moja ya askari ni uvivu wa mwandishi.

Cha kufanya: ibakize lafudhi yako kama chombo, lakini jifunze na Kiswahili kisichomwambia mtu unatoka wapi. Soma gazeti kwa sauti kila siku, jirekodi, jisikilize. Mwenye sauti mbili ana kazi mara mbili.

4. Kazi hii inasomewa

Chuo cha sanaa Bagamoyo, ambacho leo kinaitwa TaSUBa, kilianza mwaka 1981 na kinafundisha sanaa za maonyesho pamoja na ngoma na muziki. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa kikifundisha sanaa za maonyesho tangu miaka ya 1960.

Shule siyo njia pekee. Steven Kanumba, kijana wa Shinyanga, alipikwa kwenye kundi la Kaole kabla ya kuwa jina kubwa la Bongo Movie, na filamu ya Dar 2 Lagos ya mwaka 2006 ikampeleka mpaka kwa watazamaji wa Nigeria. Kundi lilikuwa darasa lake: mazoezi, kukosolewa na wakubwa, kurudia.

Lupita Nyong'o wa Kenya alipita njia zote mbili. Akiwa na miaka 14 aliigiza kama Juliet jukwaani Nairobi, baadaye akasoma uigizaji Yale huko Marekani, na mwaka 2014 akashinda Oscar. Ukihesabu kuanzia lile jukwaa la Nairobi, ni zaidi ya miaka 15.

Huna nauli ya Bagamoyo? Anzisha kundi. Kanuni moja tu: mazoezi yawe mengi kuliko kurekodi.

5. Jina na pesa ni vitu viwili

Hapa ndipo wengi wanaumia. Mzee Amri Athumani, King Majuto, aliwachekesha Watanzania kwa miongo kadhaa. Mwaka 2018, akiwa mgonjwa, yaliibuka malalamiko kuhusu alivyolipwa kwenye matangazo aliyofanya. Waziri wa Habari wa wakati huo, Dk. Harrison Mwakyembe, akaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Mzee Majuto alifariki Agosti 8 mwaka huo. Kama mtu wa jina lile aliweza kufikia hapo, wewe unayeanza usisaini kitu kwa sababu tu umeahidiwa kuonekana kwenye runinga.

Sheria ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mwigizaji, na COSOTA ndiyo ofisi yake. Lakini sheria haikusaidii sana kama umeshaandika mwenyewe kwamba haki zote umeuza kwa malipo ya mara moja. Filamu itarudiwa mara mia, itapelekwa mtandaoni, na wewe utaiangalia kwa bando lako.

Kabla ya kusaini, uliza haya:
- Nalipwa kiasi gani, lini, na kwa njia gani?
- Kazi itaoneshwa wapi, na kwa muda gani?
- Ikiuzwa kwingine au kugeuzwa tangazo, nina fungu?
- Nauli, chakula na malazi ni juu ya nani?
- Nikiumia kazini, nani anagharamia matibabu?

Ukijibiwa "hayo tutaongea baadaye", ujue hiyo baadaye huenda isifike. Mpe mkataba mwalimu au mtu anayejua sheria ausome. Nakala moja ibaki kwako.

Na kama ninyi ndio mnaotengeneza filamu, anzeni kwa afisa utamaduni wa halmashauri yenu. Atawaelekeza kuhusu usajili wa BASATA na kibali cha Bodi ya Filamu.

6. Umaarufu hauzuii homa wala kodi ya nyumba

Juma Kilowoko, Sajuki, alipougua, wenzake na mashabiki walichangishana ili akatibiwe India. Alifariki Januari 2, 2013. Michango ile ilionesha upendo. Ilionesha pia kuwa msanii anayejulikana nchi nzima anaweza asiwe na akiba ya kumtosha siku ya shida.

Soko lenyewe halitabiriki. Enzi za DVD zilikuja na wizi wa kazi, kisha filamu za nje za bei rahisi, mpaka Aprili 2017 waigizaji wa Bongo Movie wakaandamana Kariakoo kuzilalamikia. Leo kazi nyingi ziko kwenye tamthilia za runinga na mitandaoni. Kesho hatujui zitahamia wapi.

Kwa hiyo weka bima ya afya mapema, hata kabla ya nguo za kupigia picha. Na usiache kazi nyingine. Kuuza dagaa, kufundisha, kushona, kuendesha bodaboda, vyote vinalisha. Tena vinakupa watu wa kuwatazama, na kutazama watu ni nusu ya uigizaji.

Jiandae na jambo jingine: watu watakuchanganya na uhusika wako. Ukicheza mwizi, sokoni utaitwa mwizi. Usikasirike, hiyo ni dalili kwamba waliamini. Ila hakikisha mama na watoto wako wanajua wewe ni nani ukirudi nyumbani.

7. Jukwaa la kijiji linaweza kubadilisha zaidi ya simu

Miaka ya 1980 wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Mlama na Amandina Lihamba, walifanya sanaa za maonyesho na wanavijiji, ikiwemo Malya kule Mwanza. Hawakwenda na mswada mkononi. Walianza kwa kusikiliza matatizo, wanakijiji wakaigiza maisha yao wenyewe, kisha watu wakajadili cha kufanya.

Mara ina sababu ya kuikumbuka njia hiyo. Utafiti wa taifa wa mwaka 2015/16 ulionesha wanawake 32 kati ya 100 mkoani humu walikuwa wamekeketwa, wakati sheria ilishapiga marufuku ukeketaji wa wasichana walio chini ya miaka 18 tangu mwaka 1998. Msimu wa ukeketaji ukikaribia, bango lenye maneno makali hupitwa tu. Lakini ukimuonesha baba anayehesabu ng'ombe wa mahari huku binti yake anapanga kutoroka usiku, wazee watakaa mpaka mwisho. Na wataanza kubishana. Hayo mabishano ndiyo kazi yenyewe.

Angalizo: usimtumie binti aliyepitia jambo hilo kuigiza maumivu yake mwenyewe, wala usitaje jina lake. Mwigizaji yupo ili abebe hadithi ya mtu bila kumuanika.

Kazi ya namna hiyo haileti wafuasi laki moja kwa wiki. Inaweza kumbakiza msichana mmoja shuleni Januari ikifika. Na wewe mwigizaji utakuwa umejifunza kitu ambacho kamera ya simu haifundishi: kusimama mbele ya watu wanaokujua tangu mtoto, na bado wakakuamini.