Mlango wa Msikiti na Barabara ya Maandamano



Ndugu msomaji, Alhamdulillah tumeifikia Ramadhan nyingine tukiwa hai. Mwezi huu misikiti yetu hujaa mpaka watu wanatandika mikeka nje. Wazee wanashikwa mkono kuletwa tarawehe, kina mama wanakuja na watoto wao, na vijana wanagawa tende na uji wakati wa kufuturu. Hakuna anayetoka nyumbani akiwaza kwamba huenda leo akaukuta mlango wa msikiti umezingirwa, au akitoka akutane na mawe na moshi. Lakini mambo hayo yameshatokea hapa hapa Kenya, tena mojawapo lilitokea ndani ya Ramadhan. Wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mlikuwa hamjazaliwa, au mlikuwa bado mnabebwa mgongoni. Ndiyo maana nimeona tulisimulie.

Ramadhan ya mwaka 1421

Ilikuwa mwishoni mwa Novemba mwaka 2000, siku za mwanzo za funga. Katika mtaa wa South B, Nairobi, palizuka mzozo wa vibanda vya biashara vilivyokuwa karibu na msikiti. Jambo la vibanda! Jambo ambalo wazee wa mtaa na watu wa kanjo wangeweza kukaa kitako wakalimaliza. Halikumalizwa. Watu walikusanyika, maneno yakawa mawe, na msikiti ukachomwa moto. Ijumaa ya tarehe 1 Desemba hasira zikatoka upande wetu, na kanisa la Wakatoliki la mtaa huo nalo likachomwa.

Hebu tulitazame jambo hili bila kujipendelea. Waislamu walikuwa na haki ya kukasirika. Walikuwa na haki ya kuandamana mpaka kwenye ofisi za serikali na kudai waliochoma msikiti washikwe. Lakini waliokuwa wakiswali katika kanisa lile walitukosea nini? Bibi kizee anayekwenda misa asubuhi hakuleta kibanda chochote. Siku ile tulipoteza vitu viwili: msikiti wetu, na haki yetu ya kulalamika tukasikilizwa. Kwa sababu gani? Kesho yake nchi ilisema wote wamechomana, ngoma droo.

Sasa swali letu la leo ni hili: haki ya kuandamana na haki ya kuingia nyumba ya ibada kwa amani, je, ni haki mbili zinazogombana? Au ni ndugu wawili wanaolala chumba kimoja?

Waliofungiwa mlango

Turudi kwenye sira ya Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Mwaka wa 6 Hijria, sawa na mwaka 628, Mtume alitoka Madina na masahaba wapatao 1,400 kwenda Umra. Walivaa ihramu, wakachukua wanyama wa kuchinja, na hawakubeba silaha za vita isipokuwa panga za msafiri ndani ya ala. Kwa lugha ya leo tungesema ni msafara wa amani. Makureshi wakawazuia. Wakakwama Hudaybiya, Al-Kaaba iko karibu na hawawezi kuifikia.

Fikiria uchungu huo. Watu wameacha nyumba zao kwa miaka sita, wametembea jangwani, na mlango umefungwa. Masahaba waliumia sana, Umar bin Khattab (R.A.) akiwa mmoja wao. Lakini Mtume alikubali mkataba: warudi mwaka ule, waje mwaka unaofuata. Na kweli mwaka wa 7 wakaja wakafanya Umra yao.

Mwaka wa 8, katika mwezi huu huu wa Ramadhan, mkataba ukiwa umeshavunjwa na upande wa pili, Mtume aliingia Makka na watu wapatao 10,000. Aliyefungiwa mlango jana, leo ndiye mwenye nguvu. Sisi wengine tungefanya nini? Yeye alitangaza amani: anayejifungia nyumbani kwake yuko salama, anayeingia nyumba ya Abu Sufyan yuko salama, na anayeingia msikitini yuko salama. Msikiti ule ule aliozuiwa kuufikia, akaufanya kuwa mahali pa usalama kwa wale wale waliomzuia.

Ndugu zangu vijana, tusiyapite haraka maneno hayo. Hakusema msikiti ni salama kwa watu wangu. Alisema anayeingia.

Na Qur'an Tukufu katika Suratul Hajj, aya ya 40, inatueleza kwamba lau Allah asingewazuia baadhi ya watu kwa wengine, zingevunjwa nyumba za watawa, makanisa, masinagogi na misikiti. Tazama mpangilio wenyewe. Misikiti imetajwa pamoja na nyumba za ibada za wengine. Haikutengwa peke yake.

Masahaba walilielewa somo hili. Wanahistoria wanasimulia kwamba Umar (R.A.) alipoupokea mji wa Jerusalem, karibu mwaka 637, alitembezwa na Patriaki Sophronius katika kanisa kubwa la mji ule, Kanisa la Ufufuo. Wakati wa swala ukaingia. Akakaribishwa aswali mle ndani, akakataa, akatoka akaswali nje. Sababu yake ni kwamba alihofia Waislamu watakaokuja baadaye watasema: hapa Umar aliswali, basi ni petu. Khalifa mwenye jeshi nyuma yake aliuona mlango wa kanisa akasema mguu wangu unaweza kuleta dhuluma hapa. Kanisa hilo lipo mpaka leo, na Msikiti wa Umar umejengwa karibu yake.

Kina mama wa 1992

Tusije tukafikiri kwamba somo ni kunyamaza. La! Hapa Kenya haki ya kuandamana imenunuliwa kwa damu, na nyumba za ibada zilishiriki.

Februari 1992, kina mama ambao watoto wao walikuwa wamefungwa kwa sababu za kisiasa walikaa bustani ya Uhuru Park, Nairobi, wakagoma kula. Profesa Wangari Maathai aliungana nao. Hawakuwa na silaha, hawakumzuia mtu njia. Siku chache baadaye, Machi 3, polisi waliwavamia kwa rungu na gesi ya kutoa machozi. Wangari alipigwa mpaka akazimia. Kina mama wale walikwenda wapi? Walikwenda kanisa la All Saints, lililo karibu na bustani ile. Kanisa likawapokea, wakaendelea na mgomo wao mle kwa karibu mwaka mzima, mpaka mapema 1993 wafungwa walipoachiliwa.

Kwa hiyo mlango wa nyumba ya ibada ndio uliokuwa kimbilio la waandamanaji. Anayeuchezea mlango huo anajikatia tawi alilokalia.

Miaka mitano baadaye mlango wenyewe ulivunjiwa heshima. Tarehe 7 Julai 1997, siku ya Saba Saba, watu walikusanyika kudai katiba ibadilishwe kabla ya uchaguzi. Polisi waliwafuata mpaka ndani ya All Saints, wakarusha gesi na kupiga watu kanisani. Mchungaji Timothy Njoya wa kanisa la Presbyterian alipigwa vibaya siku hiyo. Askofu Mkuu David Gitari baadaye akaongoza ibada ya kulitakasa kanisa.

Ghadhabu ya nchi ilikuwa kubwa. Mwaka huo huo wabunge walikubaliana kubadilisha sheria. Zamani mtu alihitaji leseni ya serikali ili kufanya mkutano wa hadhara, na leseni ilikuwa inanyimwa wapinzani kama kawaida. Baada ya mabadiliko ya 1997, mwenye maandamano anatoa taarifa tu kwa mkuu wa kituo cha polisi, si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla. Taarifa si kuomba ruhusa. Vijana wengi hawaijui tofauti hiyo, na wakubwa wengine wanajifanya hawaijui.

Katiba iliyozinduliwa Agosti 27, 2010 ikaikazia zaidi. Kifungu cha 37 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kupeleka malalamiko kwa wakubwa, kwa amani na bila silaha. Kifungu cha 32 kinampa kila mtu haki ya kuabudu. Vifungu viwili hivyo viko katika sura moja, na hakuna kilichoambiwa kimle mwenzake.

Machungu yetu wenyewe

Mwaka huo wa 2010, Ijumaa ya Januari 15, waumini walitoka Msikiti wa Jamia, Nairobi, kuandamana kwa ajili ya mhubiri kutoka Jamaica aliyekuwa amezuiliwa. Polisi wakawakabili, mawe yakarushwa, risasi zikalia, na watu kadhaa wakafa. Mzee aliyekuja Ijumaa kuswali arudi dukani kwake alijikuta katikati ya vita asivyovijua. Tukilaumu polisi, na tunayo haki ya kuwalaumu, tujiulize pia: lazima maandamano yaanzie mlangoni mwa msikiti, wakati wa swala, ambapo ndani mna wagonjwa na watoto?

Mombasa tuna kurasa nzito zaidi. Agosti 27, 2012, Sheikh Aboud Rogo aliuawa kwa kupigwa risasi akiwa garini. Uwe ulikubaliana naye au hukukubaliana naye, kumuua mtu barabarani bila mahakama ni dhuluma. Vijana wakatoka. Lakini hasira ikaenda wapi? Makanisa yakashambuliwa. Oktoba 2013 Sheikh Ibrahim Omar akauawa vilevile, na siku iliyofuata kanisa la Salvation Army huko Majengo likatiwa moto. Wallahi hakuna kati ya waumini wa kanisa lile aliyeshika bunduki.

Halafu Februari 2, 2014, polisi wakavamia Msikiti Musa, Majengo. Serikali ilisema mle mlikuwa na mkutano wa kufundisha siasa kali. Askari waliingia na viatu vyao juu ya mazulia, zaidi ya watu 100 wakakamatwa, wengine wakiwa watoto, na watu wakauawa, askari mmoja akiwemo. Waislamu wa nchi nzima waliumia kuona picha zile. Lakini hapa ndipo panapouma zaidi: tulipolia kwamba nyumba ya Allah imevunjiwa heshima, jirani yetu Mkristo wa Majengo aliyechomewa kanisa miezi minne nyuma angetuambia nini? Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Tufanye nini?

Kuna wanaosema suluhisho ni kupiga marufuku maandamano yote karibu na nyumba za ibada. Tuwe macho. Katikati ya Nairobi, ni barabara gani isiyo na msikiti au kanisa? Mwaka 1992 sheria kama hiyo ingewafukuza kina mama. Serikali ikipewa fimbo hiyo leo kwa jina la kulinda msikiti, kesho itaitumia kumnyamazisha imamu.

Njia ya kati ipo. Mwenye kuandamana achague mahali pa kuanzia pasipo mlango wa msikiti wala wa kanisa, na saa isiyo ya swala wala misa. Njia ya kuingia na kutoka iachwe wazi, na wateuliwe vijana wa kuisimamia. Akitokea mtu wa kurusha jiwe, wenzake ndio wa kwanza kumshika mkono. Kamati za misikiti zisiache nyumba ya Allah igeuzwe ghala la silaha wala jukwaa la matusi, maana hapo zinamfungulia mlango askari. Na polisi nao wakomee kizingitini. Ukimtaka mtu, mngoje atoke, au zungumza na imamu.

Haya si ndoto. Juni 25, 2024, vijana walipojaa barabara za Nairobi kupinga Mswada wa Fedha, Msikiti wa Jamia ulifungua milango majeruhi wakapata huduma ya kwanza. Hawakuulizwa dini. Kijana wa Kikristo aliyefungwa kidonda chake pale akimsimulia mama yake jioni, je, mama huyo ataukubali uzushi juu ya msikiti?

Basi vijana wenzangu, tunapofuturu jioni ya leo na mlango wa msikiti ukiwa wazi, tukumbuke South B. Kama kuna kanisa mtaani kwenu, mjue mzee wake kwa jina. Mpelekee sahani ya futari. Siku fitina ikija, na fitina haipigi hodi, wewe na yeye ndio mtakaosimama mlangoni.

Allah atutakabalie saumu zetu na azilinde nyumba zote anamotajwa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan Karim.